Mkaguzi wa EPC anakuja: nitayarishe nini nyumbani?

Swali: Nina nyumba ndogo ya matofali hapa Uingereza, imeungana na za majirani pande zote mbili. Ilijengwa miaka ya 1900 mwanzoni, na nyuma ina nyongeza ya jiko iliyojengwa 2008. Cheti chake cha EPC, yaani cheti cha ufanisi wa nishati wa nyumba, cha mwaka 2015 kiliipa daraja E, pointi 47, na karibu kila mstari uliandikwa kwamba ni makadirio. Tangu hapo nimebadilisha boila na madirisha yote, na darini nimetandika sufu ya kuhami kisha nikapigilia mbao juu yake. Cheti kimeisha muda, nataka kuipangisha, na mkaguzi anakuja baada ya wiki mbili. Nitayarishe nini? Je, kupaka rangi, kubadilisha friji na kununua hita mpya kutasaidia?

Jibu: Rangi na friji ziache kabisa. Mkaguzi hapimi usafi wa nyumba, hahesabu friji, mashine ya kufulia wala runinga, na bili zako za umeme hazimhusu. Mapazia mazito nayo hayaingii, wala mazoea yako ya kuzima hita mapema. Programu anayotumia inachukulia kwamba kuna wakazi wa kawaida kulingana na ukubwa wa nyumba, na kwamba sebule inapashwa hadi nyuzi 21 za Selsiasi na vyumba vingine nyuzi 18. Kisha inakokotoa gharama ya joto, maji ya moto na taa kwa mwaka, ikilinganishwa na ukubwa wa sakafu. Gharama hiyo ndiyo inayozaa pointi. Hita ya kuchomeka ukutani haikuongezei kitu, na baadaye utaona jinsi inavyoweza kuashiria tatizo.

Jambo la kushika ni hili: mkaguzi huandika alichokiona kwa macho yake au alichokisoma kwenye karatasi inayoaminika. Kisichoonekana na kisicho na karatasi, programu hukijaza yenyewe kwa kuangalia umri wa nyumba. Yeye hatoboi ukuta, hang'oi zulia wala mbao zilizopigiliwa. Analazimika pia kupiga picha za anachokirekodi, kwa sababu taasisi iliyomsajili hukagua kazi yake. Kwa hiyo ukimwambia kwa mdomo kwamba chini ya mbao kuna sufu nene, hata akikuamini kwa moyo wote hawezi kuiandika. Ndiyo maana cheti chako cha 2015 kilijaa makadirio, na kwa nyumba ya kundi la miaka 1900 hadi 1929 makadirio hayana huruma.

Kazi yako katika wiki hizi mbili, basi, ni kufungua njia na kukusanya ushahidi.

Anza na darini, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kupoteza pointi ambazo tayari umezilipia. Mkaguzi anatakiwa kuingiza kichwa darini, kupima kina cha sufu kwa futi ya kupimia na kupiga picha futi ikiwa imesimama ndani yake. Mambo mawili humzuia. La kwanza ni mlango wa dari usiofunguka au usiofikika: umepakwa rangi ukagandana na fremu yake, kabati limesukumwa chini yake, au uko juu kabisa ya ngazi za nyumba mahali ambapo hawezi kusimamisha ngazi yake kwa usalama. Pitisha kisu kwenye ukingo wa rangi, ufungue mlango mara mbili tatu mpaka uwe mwepesi, na uache mita moja hivi ya sakafu wazi chini yake. La pili ni hizo mbao zako. Sufu iliyofunikwa yote haipimiki, na dari ya nyumba ya umri huo ikiandikwa kuwa haijulikani, paa linahesabiwa kana kwamba halina kinga ya maana.

Fungua ubao mmoja au miwili, mbali kidogo na mlango, uiache bila kupigilia ili iweze kuinuliwa kwa mkono. Wakati ubao umetoka, pima mwenyewe. Boriti nyingi za dari za zamani zina kina cha milimita 100 hivi, na sufu iliyotandikwa kati yake na kubanwa na mbao haiwezi kuzidi hapo. Ukinunua sufu ya milimita 270 ukaikandamiza mpaka ifike 100, futi itasoma 100, na joto nalo litapotea karibu sawa na la sufu ya 100, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi, nawe umeikamua.

Kina kinachopendekezwa Uingereza kwa sufu ya madini ni milimita 270: tabaka la 100 kati ya boriti, na tabaka la 170 juu yake likikatiza boriti. Kama mbao unazihitaji kwa kuhifadhi vitu, ziinue kwa miguu maalumu ya plastiki au kwa fremu ya mbao, ili tabaka la pili likae chini yake bila kubanwa na hewa ipite kati ya sufu na ubao. Kama huhifadhi chochote cha maana, ng'oa mbao, utandike tabaka la pili, basi. Katika nyumba kama yako, ikiwa kweli kuna milimita 100 tu, hii ni kazi ambayo ningeifanya kabla ya nyingine yoyote.

Ifanye kwa uangalifu, maana dari iliyofungwa vibaya huoza. Usijaze sufu mpaka kwenye pembe ambako paa hukutana na ukuta. Acha njia ya hewa ya milimita 50 hivi, la sivyo unyevu utajikusanya kwenye mbao za paa na kuleta ukungu. Usizike nyaya za umeme chini ya sufu, hasa waya wa shawa ya umeme na wa jiko la umeme, kwa kuwa hupata moto usio na pa kutokea. Taa zilizozama kwenye dari zifunikwe kwanza kwa vikombe vinavyostahimili moto. Chini ya tangi la maji baridi usiweke sufu, ili joto kidogo la nyumba lilifikie na maji yasigande wakati wa baridi. Litandie juu na pembeni. Na mlango wa dari wenyewe nao ubandikiwe kihami mgongoni na ukanda wa kuzuia upepo ukingoni.

Madirisha yamekuwa na uzito zaidi kuliko ilivyokuwa cheti chako cha kwanza kinatolewa. Tangu Juni 2025 wakaguzi wanatumia utaratibu unaoitwa RdSAP 10. Awali programu ilikadiria eneo la vioo kutokana na ukubwa wa nyumba. Sasa mkaguzi anapima kila dirisha, upana na urefu, na kuandika linaelekea upande gani, fremu yake ni ya nini na nafasi kati ya vioo ni milimita ngapi. Hivyo kila dirisha lifikike. Sogeza kabati lililosimama mbele ya dirisha la chumba cha nyuma, ondoa masanduku, funga mapazia pembeni.

Kwa madirisha ya vioo viwili, tarehe ina thamani. Programu inatofautisha yaliyowekwa kabla ya 2002 na ya baadaye, kwa sababu mwaka huo kanuni za ujenzi za England na Wales zilikaza masharti. Sogea karibu na kioo, utazame ule ukanda mwembamba wa chuma au plastiki unaotenganisha vioo viwili. Mara nyingi kwenye ukanda huo, kona moja, kuna herufi ndogo zilizochapwa: jina la kiwanda, alama ya ubora, na mwezi na mwaka. Tafuta kwa tochi, piga picha ya karibu, na siku ya ukaguzi mwonyeshe dirisha hilo. Zaidi ya hapo, aliyekuwekea madirisha alipaswa kuyasajili kupitia mpango wa mafundi wa madirisha kama FENSA, au wewe kupata cheti cha kumalizika kwa kazi kutoka halmashauri. Cheti cha FENSA kikipotea huagizwa tena kwa anwani ya nyumba, agiza leo. Na kama una karatasi ya kiwanda inayotaja kiwango cha upotevu wa joto cha madirisha hayohayo, iweke pamoja, kwani inaweza kutumika badala ya thamani ya jumla.

Boila nayo inataka jina kamili. Mkaguzi huitafuta katika hifadhidata ya kitaifa ya vifaa, na akiipata programu inatumia ufanisi wake halisi. Asipoipata, hutumia thamani ya jumla ya aina hiyo, ambayo kwa kawaida iko chini. Jina lililo usoni mwa boila halitoshi, maana modeli moja huwa na matoleo kadhaa yanayotofautiana kwa herufi moja au namba ya kilowati. Tafuta kibandiko cha taarifa, mara nyingi chini ya boila au nyuma ya kifuniko cha kuvuta, chenye namba ya GC, namba inayotambulisha modeli kamili ya boila. Kama boila imefungiwa ndani ya kabati la jiko, fungua parafujo za paneli mapema. Kitabu chake na cheti cha usajili wa kazi kilichotumwa na Gas Safe, rejista ya mafundi wa gesi, viwe mezani.

Kisha vidhibiti. Vinavyorekodiwa ni taima, thamostati ya chumba na valvu za thamostati kwenye rejeta. Thamostati isiyo na waya hupotelea kwenye droo, hasa nyumba ikiwa tupu. Itafute, itie betri, uiweke mahali pake. Rejeta zisizo na valvu hizo zihesabu: fundi anaziweka katika siku moja, isipokuwa rejeta ya chumba chenye thamostati, ambayo kwa kawaida huachwa bila. Na rejeta iliyotolewa ukutani wakati wa kupaka rangi ikaachwa barazani, irudishe. Programu inauliza ni vyumba vingapi vya kuishi vinavyopata joto kutoka mfumo mkuu, na vyumba visivyo na joto vinaweza kuhesabiwa kana kwamba vinapashwa kwa hita ya umeme. Hapo ndipo ile hita ya kuchomeka inaposimulia tatizo: umeme kwa kila uniti ni ghali kuliko gesi, na pointi zinatokana na gharama.

Kama maji ya moto yanatoka kwenye tangi na si moja kwa moja kwenye boila, fungua kabati lake na uliondolee taulo na mashuka. Mkaguzi anaangalia ukubwa wa tangi, kama lina povu la kiwandani au koti la kufunga, unene wake kwa milimita, na kama lina thamostati, ile boksi ndogo iliyofungwa ubavuni sehemu ya chini. Koti la milimita 80 ni kitu cha bei ndogo kinachojilipa haraka. Unapolivalisha, usifunike thamostati. Ikifichika haiandikwi, na pia itasoma joto lisilo sahihi.

Kuhusu kuta sitakupa matumaini ya bure. Nyumba ya mwanzo wa karne ya 20 kwa kawaida ina ukuta mzito wa matofali usio na nafasi katikati. Utautambua kwa mpangilio: tofali refu likifuatiwa na kichwa cha tofali kifupi kwenye mstari uleule. Mkaguzi atapima unene kwenye mlango au dirisha na kuuandika hivyo, na wiki mbili hazitoshi kuubadilisha. Lakini kama kuna ukuta uliwahi kuhamiwa kwa ndani, kwa mfano wa chumba cha mbele uliopigiwa bodi za jipsamu zenye povu mgongoni, bila karatasi hautahesabiwa ipasavyo. Unahitaji cheti cha halmashauri, dhamana au ankara ya fundi inayotaja anwani ya nyumba, ukuta gani, nyenzo gani na unene gani. Ankara iliyoandikwa «kazi ya ukuta» pekee haimsaidii mtu. Picha ulizopiga kazi ikiendelea zilete pia, lakini usizitegemee peke yake.

Karatasi ya nyongeza ya jiko ndiyo ninayoiona watu wakiisahau zaidi. Kila sehemu ya nyumba huingizwa peke yake na umri wake. Jengo la 2008 linaangukia kundi la 2007 hadi 2011, ambalo programu inalichukulia kuwa na kuta, sakafu na paa vilivyohamiwa kwa kanuni za wakati huo. Mwaka usipothibitika, mkaguzi atakisia kwa macho, na anaweza kuliweka kundi la zamani zaidi. Cheti cha kumalizika kwa ujenzi kutoka idara ya udhibiti wa ujenzi ya halmashauri ndicho kinachofunga mjadala. Kama hunacho, waandikie sasa. Kwa jengo la 2008 kumbukumbu kwa kawaida zipo, ila majibu huchukua siku kadhaa na kuna ada. Paa la nyongeza likiwa la bapa, hakuna atakayeona ndani yake, hivyo karatasi ndiyo macho pekee.

Yanayobaki ni madogo, na mengine utayamaliza kwa jioni moja. Badilisha balbu zote za nyuzi na za halojeni ziwe za LED. Utaratibu wa sasa unahesabu aina za balbu katika taa zilizofungwa kwenye nyumba, si taa za mezani, hivyo usisahau ya ngazi, ya stoo na zile ndogo chini ya makabati ya jiko. Kila kishikio cha balbu kiwe na balbu yake. Ziba mianya ya madirisha na milango kwa ukanda wa kuzuia upepo, kwa kuwa mkaguzi anaandika ni sehemu gani kati yake iliyozibwa.

Meko ya zamani iangalie vizuri. Katika hesabu, kila bomba la moshi lililo wazi linahesabiwa kupitisha mita za ujazo 80 za hewa kwa saa, na lililozibwa 20. Kama humkusudii mpangaji awashe moto, fundi aifunge meko kwa bodi na kuacha kitundu kidogo cha hewa ili bomba lisilowe kwa ndani.

Hapa ninasisitiza kwa sababu ni suala la uhai: chumba chenye kifaa cha gesi au cha kuni kinachovuta hewa kutoka chumbani kina tundu la hewa ukutani, na tundu hilo haliguswi. Ukiliziba kwa ajili ya pointi, moto unakosa hewa na kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Vivyo hivyo usizibe matofali yenye matundu chini ya ukuta wa nje, yanayopitisha hewa chini ya sakafu ya mbao, sakafu itaoza. Feni za kutoa unyevu jikoni na bafuni ziendelee kufanya kazi.

Kama kuna paneli za sola au betri, tayarisha cheti cha MCS, mpango unaothibitisha mifumo ya aina hiyo na mafundi wake, chenye ukubwa wa mfumo kwa kilowati. Bila hicho mkaguzi anabaki kukadiria kwa eneo la paa lililofunikwa.

Karatasi zote ziweke kwenye bahasha moja, na nakala zake kwenye simu. Angalia kila moja kama ina anwani ya nyumba yako. Isiyo nayo ni kama haipo. Mtumie mkaguzi nakala siku moja au mbili kabla, umwulize kama kuna inayopungua. Wengi hufurahi, maana inawapunguzia kazi. Tafuta pia cheti cha 2015 kwenye rejista ya serikali mtandaoni, upitie kila mstari uliokadiriwa, na ujiulize: hiki sasa nakionyesha vipi? Orodha hiyo ndiyo ratiba yako.

Siku yenyewe tenga saa moja na nusu kwa nyumba ya ukubwa huo. Milango yote iwe wazi, pamoja na ya stoo, ya kabati la mita na ya chumba cha chini kama kipo, kwa kuwa anapima sakafu, urefu wa vyumba na kuta zote zinazogusa nje. Uwepo wewe au mtu anayeijua nyumba. Mtu aliyepewa ufunguo tu hawezi kumwambia kwamba ubao wa tatu darini unainuka.

Kuhusu daraja: E ni pointi 39 hadi 54, D ni 55 hadi 68, C ni 69 hadi 80. Nyumba ya kupangisha England na Wales inatakiwa isiwe chini ya E, labda iwe na msamaha uliosajiliwa, na anayevunja sharti hilo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 5,000 kwa nyumba. Ukiwa na 47 uko ndani, lakini usiichukulie hiyo 47 kuwa akiba, kwa sababu mfumo wa hesabu umebadilika tangu 2015 na nyumba ileile isiyoguswa inaweza kupanda au kushuka. Kwa boila mpya, madirisha ya kisasa na dari iliyopimika, kufika D ni jambo la kutarajiwa, ingawa hakuna mtu mwaminifu atakayekuahidi kabla data haijaingizwa. Kama kazi ya darini haitakamilika kwa wakati, sogeza miadi. Cheti kinapiga picha ya nyumba ilivyo siku hiyo, na ukiongeza sufu wiki inayofuata utalipia ukaguzi mwingine. Kumbuka pia kwamba cheti kinatakiwa kiwe kimeagizwa kabla hujaanza kuitangaza nyumba, na mpangaji apewe nakala bila malipo.

Kabla mkaguzi hajakisajili, mwombe akuonyeshe alichoingiza: mwaka wa kila sehemu, aina ya kuta, kina cha sufu, modeli ya boila, idadi ya balbu. Kosa linalogunduliwa wakati huo husahihishwa papo hapo. Likigunduliwa baada ya kusajiliwa, unamwandikia yeye kwanza ukiambatisha ushahidi, na asipojibu unaandikia taasisi iliyomsajili, ambayo jina lake na mawasiliano yapo kwenye cheti chenyewe. Kikiwa sahihi kinadumu miaka 10.